Cha Kufanyia Nini? Jedi za Meza ya Msomi wa Kichina na Sanamu za Luzira

Muhula uliopita, katika somo la tafsiri la mwaka wa pili, niliwapa wanafunzi kazi ambayo niliidhani nyepesi. Nilitoa kurasa chache za katalogi ya vitu vya kale vya Kichina vilivyotengenezwa kwa jiwe la jedi, vile ambavyo msomi wa zamani wa China alikuwa akiviweka juu ya meza yake ya kuandikia, nikawataka waviandikie majina ya Kiswahili. Hapakuwa na sentensi ndefu wala methali za kuwasumbua. Palikuwa na picha, na jina la kitu chini ya kila picha. Kazi hiyo ya saa moja ilichukua wiki tatu, na mwisho wake ilitufikisha Luzira, mahali ambapo baadhi ya wanafunzi wetu hupapita kila asubuhi wakija chuoni. Wenzangu kadhaa idarani wameniomba niyaandike yaliyotokea, nami nayaandika hapa pamoja na historia yenyewe, kwani bila historia mjadala wetu wa maneno hauna uzito.

Kwanza tulieleze jiwe. Wachina huliita yu, na chini ya jina hilo huingia mawe mawili ambayo wanajiolojia huyatenga: nefriti, ambayo ndiyo iliyotumika China kwa maelfu ya miaka, na jadeiti, ile ya kijani inayong'aa, ambayo ilianza kuingia kwa wingi kutoka Burma katika karne ya 18. Nefriti iliyothaminiwa zaidi ilitoka Khotan, magharibi ya mbali, ambako iliokotwa katika mito inayoshuka kutoka milimani. Mwaka 1759 dola ya Qing ilipokamilisha kuliteka eneo hilo, mawe yalianza kumiminika mahakamani kwa mfalme na katika karakana za Suzhou na Yangzhou. Jiwe moja lilikuwa kubwa kiasi kwamba baada ya kuchongwa na kukamilika mwaka 1787 bado lilikuwa na uzito wa takriban tani 5; liko Beijing mpaka leo, na limechongwa mlima mzima wenye miti, mapango na vibarua wakichimba mifereji.

Nimeandika "kuchongwa", na hapo hapo wanafunzi wetu walikwama mara ya kwanza. Kuchonga ni kazi ya kisu, tezo au patasi. Jedi haikubali kisu, kwa kuwa ni ngumu kuliko chuma cha kawaida cha kisu. Fundi wa Kichina alitumia mchanga wa mawe magumu zaidi, uliolowekwa maji, akausugua juu ya jiwe kwa kamba, kwa kijiti au kwa gurudumu dogo lililozungushwa kwa kukanyaga mbao kwa miguu. Kwa hiyo kinacholikata jiwe ni mchanga, na chombo kazi yake ni kuupeleka tu. Mwanafunzi mmoja alipendekeza "kusaga", mwingine "kunoa", wa tatu akasema tuandike "kuchonga" kwa sababu msomaji ataelewa. Tulimkubalia wa tatu, lakini kwa shingo upande.

Baada ya hapo tuliingia mezani. Wachina wana usemi kuhusu hazina nne za chumba cha kusomea, nazo ni brashi, wino, karatasi na jiwe la wino. Wino wao haukuwa wa maji kama ule wa chupa tuliouzoea. Ulikuwa kijiti kikavu kilichotengenezwa kwa masizi na gundi, na mwandishi alikisugua juu ya jiwe kwa matone machache ya maji mpaka apate wino wa unene autakao. Mtu akielewa hilo, meza nzima inajieleza. Lazima pawe na kichupa cha kudondoshea maji, tone kwa tone, maana maji yakizidi wino huharibika. Lazima pawe na kibakuli cha kuoshea brashi, kopo la kusimamishia brashi, na kitu cha kulazia brashi iliyolowa ili isichafue karatasi. Hiki mara nyingi kilichongwa mfano wa vilele vitano vya mlima, brashi ikilala bondeni. Palikuwa na kipande cha kuegemezea kiganja ili mkono usiuguse wino mbichi, kwani wao waliandika kutoka juu kwenda chini na kutoka kulia kwenda kushoto. Palikuwa pia na mnyama mdogo wa jedi, kifaru au samba au bata aliyelala, wa kukandamizia karatasi.

Msomaji ambaye ni mwalimu wa sarufi ameshaona jambo lililoning'amulia mimi nilipokuwa nikisahihisha. Wanafunzi kumi na wanane, bila kushauriana, walikuwa wameviita karibu vitu vyote kwa kauli ya kutendea: cha kudondoshea, cha kuoshea, cha kulazia, cha kuegemezea, cha kukandamizia. Sikuwa nimewafundisha hivyo. Kiswahili chenyewe kiliwaongoza, kwa sababu lugha yetu ikikutana na kitu kigeni huuliza kwanza kazi yake, na jibu likipatikana jina limepatikana. Ndivyo tulivyopata kitanda cha kulalia, jiwe la kunolea, kisu cha kukatia nyama. Meza ya msomi wa Kichina ilitafsirika kirahisi kuliko nilivyotarajia kwa sababu kila kitu juu yake kina kazi inayojulikana.

Na kazi hiyo inajulikana kwa nini? Kwa sababu waliokuwa na vitu hivyo walikuwa watu wa kalamu. Wen Zhenheng, aliyeishi kati ya 1585 na 1645, aliandika kitabu kizima juu ya vitu ambavyo mtu mstaarabu anapaswa kuwa navyo nyumbani mwake na vile ambavyo havifai kuonekana mbele ya wageni, na humo vifaa vya mezani vina sura zake. Mafundi nao wengine walitia majina yao. Lu Zigang wa Suzhou, katika karne ya 16, ni mashuhuri kwa kutia sahihi juu ya kazi zake za jedi, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa fundi.

Hapa niruhusiwe kupenyeza neno dogo kuhusu meza zetu wenyewe. Neno "dawati", ambalo leo mtoto wa shule ya msingi hukalia na kuegemea, linatokana na Kiarabu, na huko asili yake ni kidau cha wino. Kidau kilianza kidogo, kikawa sanduku la kuwekea vifaa vya kuandikia, sanduku likawa meza. Waandishi wa Siyu, Pate na Lamu walikuwa na vidau vyao, kalamu zao za matete na marfaa za kuwekea msahafu. Na Mwana Kupona alipotunga utendi wake kwa ajili ya binti yake, mnamo 1858, alianza kwa kumwambia asogee na wino na karatasi. Basi meza ya mwandishi si jambo geni kwa fasihi ya Kiswahili. Ni kwamba vifaa vyetu vilikuwa vya tete, mti na udongo, navyo havidumu kama jedi.

Wiki ya pili, tulipokuwa tukimalizia orodha, mwanafunzi mmoja ambaye kwao ni Luzira aliinua mkono. "Mwalimu," alisema, "sisi hatuna kitu cha kale cha aina hiyo cha kutafsiri?" Nikamwambia kipo, tena kimetoka mtaani kwao, na kinahifadhiwa katika jumba lile lile la London ambalo limejaa jedi za Kichina. Darasa lilicheka likidhani ni mzaha. Luzira kwao ilikuwa gereza, bandari ya Port Bell na kiwanda cha bia.

Mwaka 1929, wafungwa waliokuwa wakifanya kazi ya kuchimba kwenye kilima cha gereza la Luzira walikuta mashimo ya kale yaliyojaa vipande vya udongo uliochomwa. Vilikuwemo vyungu vilivyovunjika, na vilikuwemo vipande vya sanamu za watu. Kilichowashangaza wote ni kichwa kimoja kilichosalia karibu kizima: uso wenye macho mazito yaliyotokeza, na juu yake nywele, au labda kilemba, zilizofanyizwa kwa udongo kwa uangalifu mkubwa. Habari zilimfikia E. J. Wayland, mkuu wa idara ya jiolojia ya serikali ya kikoloni huko Entebbe. Vitu vilisafirishwa hadi Uingereza, vikaingia katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mwaka 1931, na mwaka 1933 Wayland pamoja na Miles Burkitt na H. J. Braunholtz walichapisha maelezo yake katika jarida la Man. Majina ya waandishi hao watatu tunayo. Majina ya wafungwa walioshika jembe hayakuingia katika kumbukumbu hizo.

Kisha kikawa kimya cha muda mrefu. Mwaka 1968 Merrick Posnansky, aliyewahi kuwa mtunzaji wa Makumbusho ya Uganda, pamoja na J. H. Chaplin, waliandika juu ya sanamu za udongo zilizopatikana Entebbe, na hapo ikaonekana kwamba Luzira haikuwa peke yake katika pwani hiyo ya ziwa. Mwaka 2008 Andrew Reid na Ceri Ashley walirejea suala lote upya katika jarida la Antiquity. Walizilinganisha sanamu na vyungu vya eneo la ziwa, wakaziweka katika kipindi cha kati: baada ya zama za vyungu vya Urewe vya wahunzi wa kwanza kumalizika, na kabla ya falme tunazozijua, kama Buganda, kusimama. Ni takriban miaka elfu moja iliyopita. Kwa maoni yao, sanamu hizi ni alama za aina mpya ya mamlaka iliyokuwa ikizaliwa wakati huo kando ya Nyanza.

Nilipowaonyesha wanafunzi picha na kuwataka waipatie jina la Kiswahili, mambo yaligeuka. Wale wale waliotaja vitu kumi vya Kichina kwa dakika chache walikaa kimya. Kauli ya kutendea iligoma. Sanamu ya kufanyia nini? Wa kwanza akaandika "sanamu ya kuabudia". Nikamwuliza amejuaje kwamba iliabudiwa. Akasema inaonekana hivyo. Mwingine akaandika "kinyago". Nilimkumbusha kwamba kinyago, kwa matumizi ya wengi wetu, ni cha mti, na kina harufu ya ngoma na jando. Kitu hiki ni udongo, kimefinyangwa, kikachomwa. Kwa Kiganda mfinyanzi ni omubumbi, na kazi yake ni okububumba, alianza kusema mmoja kwa haraka, wenzake wakamsahihisha kwa kicheko: okubumba. Hilo angalau tulikuwa na hakika nalo, yaani jinsi kilivyotengenezwa.

Neno "sanamu" lenyewe halina usafi. Limetoka kwenye Kiarabu, ambako maana yake ni mungu wa kuchonga, kitu cha kukatazwa. Katika Kiswahili cha leo limepoa: tunasema sanamu ya mwanasiasa katikati ya barabara, na watoto wadogo huita hata picha ya kitabuni sanamu. Lakini likiwekwa kando ya kitu cha kale cha Kiafrika, ile maana ya kwanza hurudi kimyakimya, na msomaji humwona mtu amepiga magoti ingawa mwandishi hakumtaja. Nimeona jambo hili katika insha za wanafunzi wazuri kabisa.

Kwa hiyo wengi waliishia kuandika "Kichwa cha Luzira", kama vitabu vinavyoandika. Ni jina salama, kwa kuwa linataja umbo na mahali tu. Mimi hata hivyo sina raha nalo. Mashimo yale hayakutoa kichwa kimoja. Yalitoa vipande vya sanamu kadhaa, vya viwiliwili vyake, pamoja na vyungu. Kichwa kilipendwa kwa sababu kilikuwa kizima na kilipendeza katika picha; vipande vingine vikawa nyongeza. Isitoshe, mtu akishaambiwa "kichwa", hafikirii tena kiwiliwili kilichokibeba wala kwa nini vitu hivyo vyote viliwekwa shimoni pamoja na vyungu vilivyovunjika. Kama vilivunjwa makusudi vikazikwa kwa heshima, au vilitupwa na watawala wapya waliotaka vya zamani visahauliwe, ni suala ambalo jina "kichwa" halimruhusu msomaji hata kulianza. Mashimo yenyewe yalichimbwa na wafungwa kwa kazi nyingine, si na wanaakiolojia kwa brashi na vipimo, hivyo mpangilio wa vitu ndani yake haukuandikwa ulivyokuwa.

Mmoja wa wanafunzi alisema kwa uchungu kidogo kwamba Wachina wana bahati. Wao waliandika, kwa hiyo vitu vyao haviwezi kupotoshwa. Ningependa msomaji asikubaliane naye haraka, kama ambavyo mimi sikukubaliana naye.

Katika jumba hilo hilo la London kuna bamba la duara la jedi lenye tundu katikati, aina ambayo Wachina huiita bi. Lilitengenezwa yapata mwaka 1200 kabla ya Kristo. Mabamba ya aina hiyo yamepatikana mengi makaburini, na hata Wachina wa zama za baadaye hawakuwa na uhakika yalitengenezwa kwa kusudi gani. Mwaka 1790 bamba hilo lilikuwa mikononi mwa Mfalme Qianlong, mtawala msomi, mpenzi mkubwa wa jedi na mtunzi wa mashairi yasiyohesabika. Alilitazama, akaamua kwamba ni kigari cha kuwekea bakuli. Akasikitika kwamba bakuli lake limepotea, akalitafutia bakuli la kauri lililokaa vizuri juu yake, akatunga shairi kueleza hayo yote, na shairi hilo likakatwa juu ya jiwe lenyewe, likizunguka tundu. Mfalme alikuwa amelipa bamba kauli ya kutendea, "cha kuwekea bakuli", na alikosea. Limebaki na kosa hilo usoni mwake kwa zaidi ya miaka 200, kwa mwandiko mzuri sana.

Na Lu Zigang je, yule fundi aliyetia sahihi? Jina lake lilipata sifa kubwa hivi kwamba mafundi wa karne zilizofuata waliliandika kwenye kazi zao wenyewe. Leo sahihi ya Lu Zigang juu ya kipande cha jedi humfanya mtaalamu awe na shaka zaidi. Kwa maneno mengine, kitu kinaweza kuwa na maandishi na bado kikadanganya, na kitu kinaweza kukaa kimya na kuwa mkweli. Udongo wa Luzira haujawahi kumwambia mtu uongo. Sisi ndio tunaoubandika majina.

Jambo hili linatugusa walimu wa Kiswahili nchini Uganda kwa namna ya pekee. Kiswahili kiliingizwa katika katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Kwa miaka mingi kabla ya hapo wananchi wengi walikijua kama lugha ya askari. Sasa tunatakiwa kukitumia kufundishia historia ya mahali hapa, na vitabu vingi vya kiada bado havijaandikwa. Watakaoviandika watachagua neno la kuweka chini ya picha ile, na neno hilo litasomwa na watoto wengi kuliko waliowahi kusoma jarida la Man. Akiandika "sanamu ya kuabudia", ataamini amefasiri, kumbe amefanya kama Qianlong.

Vilevile suala la vitu kurudi nyumbani limekwisha kuanza. Masalia ya Kibuuka, mungu wa vita wa Baganda, yalirudishwa kutoka Cambridge mwaka 1962. Mwaka 2024 vitu 39 vilirejea Kampala kutoka Cambridge hiyo hiyo, kwa mkataba wa mkopo. Sanamu za Luzira hazikuwemo, kwa kuwa ziko London. Siku zikija, Makumbusho ya Uganda pale Kitante yatahitaji kibao cha maelezo, na nataraji kibao hicho kitakuwa na Kiganda, Kiingereza na Kiswahili. Sidhani kwamba ni mapema mno kuanza kubishana juu ya safu ya Kiswahili.

Darasani tulibishana kipindi kizima. Tulijaribu "sanamu za udongo wa kuchoma zilizofukuliwa Luzira", jina refu lakini halina uongo: linasema zimetengenezwa kwa nini, zimepatikana vipi na wapi, na kauli ya kutendea haimo. Wengine waliliona zito, wakataka "mifinyango ya Luzira". Neno "mfinyango" lina sifa moja nzuri, nayo ni kwamba linamkumbuka mfinyanzi, mtu aliyekaa na udongo mapajani akiukanda macho yale mazito, bila kumwingiza kwanza hekaluni au ikulu. Lina dosari moja pia, kwani kwa wengi mfinyango ni chungu au mtungi. Hatukufikia mwafaka, na nimeliacha suala ubaoni kwa wasomaji wa jarida hili walio na pendekezo bora.

Yule mwanafunzi wa Luzira alikabidhi daftari lake siku ya mwisho. Chini ya picha alikuwa ameandika "Watu wa udongo wa Luzira", kwa wingi. Nilimwita nikamwuliza mbona ameandika watu na picha ina mmoja. "Mwalimu, ulisema walitoka wengi," akajibu. "Huyu ndiye tu aliyepigwa picha." Nilimpa alama zote, nikamwongezea kazi ya kuwauliza wazee wa mtaani kwao kilima kile kilikuwa kikiitwaje kabla ya kuwa gereza.